Mukristo wa Kweli na Mutoto Asiye na Mutetezi



Wengi kati yenu wametuuliza, wengine kiisha ibada, wengine njiani, kama sisi mashemasi tunaweza kuandika kidogo juu ya neno hili: Mukristo wa kweli ni nani? Ulizo hili ni la zamani, lakini linarudi kwa nguvu. Wakati wa Zaire, sheria ya mwisho wa mwaka 1971 ilikubali makanisa machache tu, na wengi waliokuwa nje ya hayo walisali kwa kujificha. Kiisha tarehe 24 Aprili 1990, mwisho wa utawala wa chama kimoja ulipotangazwa, milango ikafunguka. Leo katika barabara moja ya kartie munaweza kuhesabu makanisa matano, kila moja na ngoma zake na vyombo vyake vya sauti, na kila moja linasema kwamba Wakristo wa kweli wako kwake. Mutu mwenye kutafuta Mungu kwa moyo safi anasikia mafundisho matano katika usiku mumoja, na asubuhi hajui aingie wapi.

Sisi hatutaki kujibu kwa kuhesabu makanisa. Tunataka kumutazama mutu mwenyewe.

Watu wengi wanamutambua Mukristo kwa alama. Alama ya kwanza ni jina. Mwaka 1972 serikali ilikataza majina ya ubatizo ya kizungu. Wakina Jean na Marie, Joseph na Elisabeth, wakaandikwa kwa majina ya mababu tu, na padiri aliyemupa mutoto jina la namna ile alitishwa kwa kifungo. Mwaka 1974 Noeli nayo ikaondolewa katika siku za kupumzika. Sisi wengine tulizaliwa chini ya amri hizo. Je, wazazi wetu waliacha kuwa Wakristo siku ile karani alipofuta majina yao katika kitabu? Hapana, walisali vilevile. Na majina yaliporudi kiisha 1990, je, wezi walipungua? Munajua jibu.

Kiisha jina kuna mavazi. Kanzu nyeupe ni nzuri, hata sisi tunaivaa kwa furaha, lakini inafuliwa kwa sabuni ya soko, na mutu yeyote mwenye feza anaweza kuishonesha. Kuna tena miiko: kuacha pombe, kuacha tumbaku, kuacha dansi. Tunaishika, na hatumuombi mutu ruhusa. Lakini tumeona watu wasiogusa chupa miaka makumi mbili, na muke wao anatetemeka akisikia mulango unafunguliwa. Juu ya sadaka na fungu la kumi hatutaandika leo, muchungaji amekwisha kufundisha mara nyingi.

Inabaki alama moja, ambayo katika kanisa la unabii kama letu tunaiheshimu kuliko zote: karama ya Roho. Mutu anaona maono. Mutu anaweka mukono juu ya mugonjwa, na mugonjwa anasimama. Tunafikiri: huyu hakika ni wa Mungu. Sasa fungueni Matayo 7, mustari wa 22 na wa 23. Bwana Yesu anasema juu ya watu watakaokuja mbele yake siku ile, wakimukumbusha kwamba walitoa unabii kwa jina lake, walifukuza pepo, walifanya miujiza mingi. Hawadanganyi, walifanya kweli. Naye atawajibu kwamba hakuwajua hata siku moja. Wapenzi, maneno haya hayakuandikwa juu ya wapagani. Kama kuna watu duniani wanaopaswa kuyasoma wakiwa wameketi chini, ni sisi, kwa maana sisi ndio wenye kutoa unabii.

Basi, kama jina halitoshi, kanzu haitoshi, miiko haitoshi na maono hayatoshi, tutafute wapi? Katika Matayo 25 Mufalme hawaulizi watu juu ya maono. Anauliza juu ya chakula, maji, nguo, mugeni, mugonjwa na mufungwa. Na sisi mashemasi tunapenda kukumbusha namna kazi yetu ilivyoanza, katika Matendo sura ya 6. Watu wengi wanafikiri mashemasi wa kwanza walichaguliwa kwa kubeba Biblia nyuma ya mitume. Sivyo. Walichaguliwa sababu ya sahani. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa saa ya kugawanya chakula, manunguniko yakatokea, na mitume wakatafuta watu saba waliojaa Roho Mutakatifu wasimamie meza. Ndiyo kusema, kujaa Roho kulionekana kwanza kwa kujua nani hajakula ndani ya nyumba.

Shikeni neno hilo la sahani, kwa maana sasa tunaingia katika jambo linalotuumiza.

Munajua maisha yalivyogeuka katika inchi yetu. Septemba 1990 muchimbo wa Kamoto kule Kolwezi ulianguka, na kazi ya shaba ikaanza kufa. Septemba 1991 na Januari 1993 askari na watu walinyanganya maduka na viwanda. Kiisha vita ya 1996, kiisha vita ya 1998. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi wa Gécamines walipewa feza ya mwisho ili waache kazi, na wengi feza ile haikumaliza hata mwaka. Katikati ya hayo yote watu walikufa, kwa vita, kwa ukimwi, kwa kuhara na kwa malaria, na watoto wao wakagawanywa kwa wajomba, kwa shangazi, kwa babu zao. Nyumba iliyokuwa na watoto watano ikawa na tisa, na mushahara hakuna.

Hapo ndipo ulizo jingine lilizaliwa: nani anakula kazi ya baba? Nani anafunga bahati ya nyumba hii? Na jibu likaanguka juu ya mutoto. Katika Kinshasa, katika Mbuji-Mayi, na kwetu Katanga pia, watoto wengi sana walifukuzwa kwa kuitwa wachawi, wakaenda kulala sokoni. Na mara nyingi, tuseme wazi, neno lile halikutoka kwa mupagani. Lilitoka ndani ya chumba cha maombi.

Sisi tumetembelea nyumba nyingi za namna hiyo, na tunawauliza ninyi kitu kimoja tu. Kwa nini maono hayo yanaanguka karibu kila mara juu ya yatima? Juu ya mutoto wa muke wa kwanza, ambaye mama yake alifukuzwa? Juu ya yule anayekojoa kitandani, mwenye kifafa, mwenye tumbo kubwa na nywele nyekundu kwa kukosa chakula, ao yule mwenye kusema maneno ya akili kupita miaka yake? Hatujaona yakianguka juu ya mutoto wa mutu tajiri, ambaye baba yake anaweza kuja na gari na kumuuliza muonaji: umesema nini? Roho wa Mungu anaogopa gari? Wapenzi, saa maono yanafwata hesabu ya sahani, yanamutafuta yule ambaye akitoka mezani hakuna atakayelia, tunapaswa kuuliza yanatoka kwa nani.

Kulikuwa na kijana mumoja, miaka yake labda tisa, aliyekaa kwa baba mudogo wake. Mama yake amekufa, baba alikwenda kutafuta mawe ya madini na hakurudi. Usiku alikuwa anaanguka, macho yanageuka, pofu kinywani. Baba mudogo akapoteza kazi ya ulinzi. Mama mumoja wa kikundi cha maombi, si wa parokia yetu, akaona katika ndoto mutoto yule anaruka juu ya mapaa. Wakamufunga asile siku tatu, wakisema wanafunga pamoja naye, lakini wakubwa walikula magaribi. Sisi tulipofika hatukuanza na mafundisho. Tuliomba uji. Kiisha tukauliza watu waliojaa pale: huyu anamushitaki, yule anamushitaki, sasa nani anasema kwa ajili ya mutoto? Watu wakatazamana. Si kwamba walikuwa watu wabaya. Kati yao kulikuwa mwalimu wa watoto wa siku ya Mungu. Lakini hakuna aliyefikiri kwamba mutoto naye anahitaji mutu wa upande wake.

Tulimupeleka kituo cha afya, wakasema ni kifafa, wakamupa dawa, na kuanguka kukapungua sana. Tungependa kuandika kwamba baba mudogo alilia na kumukumbatia. Hapana. Mpaka sasa anaogopa kulala naye chini ya paa moja, na mutoto anakaa kwa mama mushemasi mumoja, mwenye watoto wake sita, ambaye hakuuliza atapata wapi unga. Huyu mama hana karama ya maono. Hajapata kusimama mbele ya kanisa kushuhudia, hata kusoma anasoma kwa shida. Mukitaka kuona Mukristo wa kweli kwa macho, mutamukuta pale bombani na ndoo mbili.

Sasa wengine watasema: ninyi mashemasi, munakana uchawi? Na Kutoka 22, mustari wa 18, munaufanya nini, pale Sheria ya Musa inapokataza kumuacha muchawi akiishi? Tunajua mustari ule unapendwa sana. Wengine hawajui mustari mwingine wa sura ile. Basi shusheni kidole kidogo tu, mpaka mustari wa 22, wa 23 na wa 24. Pale Mungu anakataza kumutesa mujane na yatima, na anasema kwamba yatima akimulilia, atamusikia, na hasira yake itawaka mpaka wake wa watesaji wawe wajane na watoto wao wawe yatima. Mistari ile inakaa karibu kama jirani na jirani. Mutu anayefunga yatima kwa kamba sababu ya mustari wa 18 amesimama tayari juu ya mustari wa 22. Na sheria ile ile ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati 19, inataka mashahidi wawili ao watatu mbele ya kumuhukumu mutu kwa kosa lolote. Ndoto si shahidi. Hatuwezi kuiuliza ulizo la pili.

Tena tazameni mutume Paulo katika Wagalatia 5. Uchawi anautaja, ndiyo. Lakini anautaja ndani ya orodha moja na uadui, ugomvi, wivu, hasira na ulevi, na vyote anaviita matendo ya mwili. Kwa hiyo yule mwenye kumuchukia mutoto wa muke mwenzake mpaka kumutakia kifo, hata kama hajaona hirizi maisha yake yote, Paulo amemuandika katika orodha ile ile. Kwa nini hatufanyi maombi ya kutoa pepo wa wivu kwa wakubwa wa nyumba? Labda kwa sababu wakubwa ndio wanaoleta mbuzi.

Hatumucheki mutu mwenye woga. Mutu aliyezika watoto wawili katika mwaka mumoja, na kazi imekwisha, anahitaji kujua sababu, na akiambiwa kwamba sababu inalala katika chumba cha pili, moyo wake unapumzika kidogo. Tunaelewa. Lakini kupumzika kwake kumelipwa na nani?

Na kwa makanisa ya unabii jambo hili lina aibu ya pekee. Wakumbukeni wale waliotutangulia. Kimpa Vita alichomwa kwa moto mwaka 1706 katika ufalme wa Kongo, kiisha wakubwa wa dini na wa inchi kupatana kwamba mafundisho yake ni ya uzushi. Na Simon Kimbangu, ambaye tarehe 6 Aprili 1921 alianza kazi yake kwa kumuwekea mukono mwanamuke mugonjwa, hakufanya kazi ya wazi zaidi ya miezi michache. Alifundisha watu waache sanamu za uganga na ndoa za wake wengi. Watu wakaacha mashamba na kazi za wazungu, wakaenda Nkamba, na serikali ikaogopa. Woga ule ulihitaji mutu wa kuubeba. Baraza la askari likamuhukumu kule Thysville, ndiyo Mbanza-Ngungu ya leo, tarehe 3 Oktoba 1921: viboko 120 na kifo. Hakupewa mutetezi wa kusema kwa ajili yake. Mufalme Albert wa Ubelgiji akageuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha, na yule mutu akaletwa huku kwetu, Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mpaka kufa kwake ndani ya kifungo tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka makumi tatu.

Tunasoma habari hii katika mikutano, watu wanalia, na ni vizuri walie. Lakini baraza lile la Thysville lilikuwa nini? Lilikuwa chumba ambamo washitaki wote walikuwa na nguvu, mushitakiwa yuko peke yake, hukumu ilijulikana mbele ya ulizo la kwanza, na nje watu waliogopa kusema. Sasa ingieni ndani ya chumba cha maombi saa tano za usiku, mutazame mutoto amepiga magoti katikati ya wakubwa kumi, anaambiwa kiri, kiri, ungama ni wangapi umekula. Atakiri. Mutoto mwenye njaa na usingizi atakiri kila kitu, hata kwamba alikula mutu ambaye bado anaishi. Wajukuu wa mushitakiwa wamegeuka baraza. Ulizo letu kwa wale wenye kujivuna kwamba kanisa lao lilizaliwa katika mateso ni hili tu: katika chumba kile, ninyi mumeketi upande gani?

Hata serikali, ambayo hatuitafutii utakatifu, imeona jambo hili. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumushitaki mutoto kwa uchawi, na sheria ya kulinda watoto ya Januari 2009 inatoa malipizi kwa anayefanya hivyo. Ni haya kwa Kanisa kwamba karani wa serikali aandike kitu ambacho muhubiri alipaswa kukisema mbele yake.

Wandugu wengine watatuambia kwamba tunazima Roho. Hatuzimi. Tunaamini maono, na 1 Yoane sura ya 4 inatuamuru kupima roho, si kuzikimbilia. Mutu akiona kitu kinachomuita yeye mwenyewe atubu, afunge, alipe deni, arudishe muke wake, akimbie kukifanya asubuhi ile ile. Mutu akiona kitu kinachomuita atoe chakula, vilevile. Lakini maono yanayomufanya mutu asiyeweza kujibu apigwe, alale njaa ao atoke nje usiku, hayo yasimame mulangoni kwanza. Nabii wa kweli hatakasirika tukiyapima. Tumemuona mumoja, muzee, ambaye akiona jambo juu ya mutoto anamuita mutoto, anamuketisha karibu naye, anamugawia bukari yake, na hasemi kwa mutu. Tulipomuuliza kwa nini, alisema Mungu alimuonyesha ili amulinde, maana kama ilikuwa kwa kumuharibu, shetani angetosha kwa kazi ile.

Wazee na mashemasi wamepatana hivi kwa parokia yetu, na muchungaji amekubali. Maono yoyote yenye kutaja jina la mutu hayatasemwa mbele ya watu. Yataletwa kwa wazee wawili, mumoja wao awe mama. Kama yanamuhusu mutoto, mutu mumoja atachaguliwa siku ile ile kuwa upande wa mutoto, na si wa jamaa inayomushitaki. Mutoto mugonjwa anapelekwa kituo cha afya mbele ya maombi ao pamoja na maombi, si nyuma. Hakuna mutoto wa chini ya miaka kumi na mbili atakayefungishwa chakula, kwa sababu yoyote. Na hakuna feza, kitambaa ao mbuzi itakayopokelewa kwa maombi ya mutoto.

Kwa jamaa zenye kulea yatima, tunajua kwamba maneno bila unga ni kelele. Mashemasi wamepata magunia machache, na mama wengine wameahidi sombe kutoka mashamba yao. Tunagawanya kila posho, nyuma ya kanisa, kuanzia saa tatu za asubuhi. Hatuulizi kama jamaa ni ya kanisa letu. Atakayekuja alete chombo chake, na kama anaweza amulete mutoto mwenyewe, kwa maana tunataka kumuona uso, si jina lake tu katika kitabu.